Mahindi yale tulimpa ng'ombe

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema wenzako hapo Dodoma mjini wanakuambia kwenda chuo cha kilimo na mifugo ni kwenda kusomea jembe, halafu unaniuliza: "Mama, wewe na marehemu baba mmelima na kufuga miaka yote bila chuo. Watanifundisha nini nisichokijua?" Una haki ya kuuliza. Jibu ninalo, ila kulitoa kunaniuma.

Unaukumbuka mwaka 2016? Ulikuwa bado shule ya msingi. Ndio mwaka watu walipougua huku kwetu na Manyara, macho yakawa manjano, matumbo yakajaa maji, na wengine wakafa. Baadaye ikajulikana ni sumukuvu, yaani sumu ya kuvu, ule ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi. Mimi na baba yako tulitii tulichoambiwa. Tulikaa uani kutwa nzima tunachambua, punje safi kwenye ungo, zenye ukungu na zilizosinyaa kwenye debe. Safi tukala wenyewe. Za kwenye debe sikuzitupa, mwanangu. Nilizisaga nikampa ng'ombe wetu Nyota, jioni nikamkamua, nikawapa wewe na mdogo wako maziwa. Niliyachemsha mpaka yakafura, nikaona nimewalinda.

Miaka miwili baadaye alikuja kijijini binti mmoja wa chuo, yuko kwenye mafunzo ya vitendo. Alinikuta nachanganya pumba na mahindi yaliyoota ukungu, akaniomba niache kwanza. Akanieleza kwamba ng'ombe akila sumu ile, sehemu yake inatokea kwenye maziwa, na kuchemsha hakuiondoi. Alisema kwa adabu, wala hakunilaumu. Mimi nilikaa chini pale pale bandani.

Kisha akaomba chupa ya soda iliyokauka vizuri. Akatia mahindi yetu konzi moja na chumvi kavu kijiko kimoja, akafunga, akatikisa kwa dakika chache, akaiacha itulie. Chumvi ikaganda kwenye kuta za chupa. "Mama, haya bado yana unyevu zaidi ya asilimia 15," akasema, "ukiyafunga kwenye gunia leo, ukungu unaanza." Tukayaanika tena, safari hii juu ya turubai, si ardhini, kwa sababu kuvu wenyewe wanaishi kwenye udongo. Chupa ile ninayo mpaka leo, na kila mavuno naitumia.

Fikiria sasa. Bwana shamba alitufundisha kuchambua mahindi. Bwana mifugo alitufundisha kuosha kiwele kabla ya kukamua. Wote wawili walisema kweli, lakini hakuna aliyeniambia kwamba debe la mahindi mabovu na kikombe cha mwanangu ni njia moja. Aliyeniambia ni mtoto wa miaka ishirini aliyesoma mazao na mifugo pamoja. Hapa kwetu mabua yanaliwa na ng'ombe, samadi inarudi shambani, maksai ndio wanaovuta plau. Kwa hiyo na lile swali lako la pili, uchague kilimo au mifugo, mimi nakuomba utafute chuo kinachofundisha yote mawili. Ukikosa, nenda mifugo, lakini usiache kuuliza habari za shamba.

Na yule ndama wetu mwekundu, yeye alikufa kwa kutojua kwetu. Tezi za chini ya masikio zilivimba, homa ikapanda, tukakimbilia duka la dawa. Muuzaji akatupa OTC, ile antibiotiki ya sindano, kama alivyompa kila aliyekuja na mnyama mwenye homa. Kumbe ilikuwa ndigana kali, ile inayoletwa na kupe. Ina dawa yake, nayo inataka kuwahiwa, na ina chanjo pia. Baba yako alimzika ndama yule bila kusema neno.

Kuhusu chuo chenyewe, hakikisha kimesajiliwa na NACTVET, lile baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi. Kwa cheti chako cha kidato cha nne utaanza ngazi ya 4, na mpaka stashahada, yaani ngazi ya 6, ni miaka mitatu. Kabla ya kujaza fomu nenda ukakione. Usianzie ofisini, anzia bandani. Uliza ng'ombe wa chuo leo asubuhi wamekamuliwa na nani. Wakikuambia ni kibarua, uliza wanafunzi wanakamua lini. Angalia kama kuna shamba linalolimwa na wao wenyewe, na kama mtu anahitimu akiwa amewahi kumzalisha ng'ombe na kumpa ndama dang'a, yale maziwa ya kwanza, mapema, ndani ya saa chache za kwanza. Majengo yasikudanganye. Binti yule nilimuuliza alikojifunza kutumia chupa, akasema ni ghalani kwa mwalimu wake, usiku, wakati wa mavuno.

Ada ya mwanzo nitaipata kwa maksai mmoja, yule mwenye pembe iliyovunjika. Lakini siwezi kumuuza kabla ya kulima, na mvua zetu unazijua, ni Desemba. Waombe ofisini wakuruhusu ulipe kwa awamu. Wakikataa nipigie mapema, nitazungumza na mjomba wako kabla hajauza ufuta.

Mama yako,
Kondoa