Injini ndogo uipe ndege gani? Anza na mizani ya jikoni

Injini yangu ya kwanza ya ndege za mfano za rimoti ilikuwa Cox Babe Bee ya .049, mtumba, mafuta ya nyonyo yameganda ndani hadi propela haisogei. Niliiloweka kwenye methanoli usiku kucha, asubuhi ikazunguka. Hiyo .049 ni ujazo wake kwa inchi za ujazo, yaani sentimita za ujazo 0.8. Pistoni yake ina upana wa milimita 10 hivi, kidole cha mwisho cha mtoto. Sasa fikiria: kidole hicho ndicho nilichokitaka kibebe mfano wa Spitfire, ile ndege ya kivita ya Waingereza.

Naandika kwa ajili yako wewe uliyeipata injini kwanza, ndege bado. Wengi tunaanzia hapo, na wengi tunakosea palepale: tunachagua ndege kwa sura. Spitfire yangu ilitoka nzuri, rangi za kijeshi, miguu ya waya, hata rubani wa plastiki. Bawa lake lilikuwa sentimita 65 kutoka ncha hadi ncha, upana wa wastani sentimita 14. Nilipoiweka kwenye mizani ya jikoni ya mama ikasoma gramu 700, nikasema mizani mbovu. Tukaenda kiwanja cha mpira nje ya Arusha, mwenzangu akairusha kwa mkono, ikaenda mbele ikishuka taratibu kama mtu anayetafuta kiti, ikaingia kwenye mahindi. Tuliirusha mara nne. Mara ya nne rubani alibaki shambani.

Hesabu ingenionyesha mapema. Bawa lile lina desimita 9 za mraba, kwa hiyo kila desimita ilibeba karibu gramu 78. Ndege yenye mzigo wa namna hiyo, kwa mwinuko wetu wa mita 1,400, lazima iende zaidi ya kilomita 40 kwa saa ndipo isidondoke. Tazama sasa propela. Iliyoandikwa 6×3 ina kipenyo cha inchi 6, na kila mzunguko ingesogea inchi 3 mbele kama hewa ingekuwa ngumu kama ubao. Kwa mizunguko 12,000 kwa dakika, hiyo ni kilomita 55 kwa saa, tena kwenye makaratasi. Hewa inateleza, kwa hiyo unapata pungufu. Nafasi iliyobaki kati ya kuelea na kudondoka ilikuwa nyembamba mno. Halafu hapo unataka ipande pia!

Mwinuko nao usiudharau. Arusha hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 13, na injini inakula hewa hiyohiyo, bawa linaegemea hewa hiyohiyo, propela inasukuma hewa hiyohiyo. Unapunjwa mara tatu. Niliipunguza ile Spitfire, nikang'oa miguu na mapambo, nikaenda nayo Dar kwa shemeji. Kule ufukweni, upepo wa bahari ukiwa usoni, ikapanda. Kwa shida, lakini ikapanda. Nairobi ni juu zaidi yetu, kwa hiyo ndugu zangu wa huko wakaze mkanda zaidi.

Basi panga hivi. Kwa .049 iweke ndege nzima, na mafuta ndani, isizidi gramu 500 kama uko pwani. Huku juu mimi nakomea 430. Toa vitu usivyoweza kuvikwepa: injini na tangi lake gramu 50 na kitu, sevo mbili (vimota vya kusogeza usukani) za gramu 9 kila moja, risiva ya kupokea mawimbi ya rimoti 10, betri ndogo 40, waya na fimbo za kuvutia 15, mafuta 5. Umeshatumia karibu 145. Kilichobaki, yaani gramu 285 kwa sisi wa milimani, ndicho cha mbao, foamu, gundi na plastiki ya kufunika. Gundi ndiyo mwizi mkubwa: epoksi ya ziada huioni, ila mizani inaiona. Kwa hiyo pima kila kipande kabla hujakibandika. Miguu ya kutulia achana nayo, rusha kwa mkono, tua kwenye majani.

Bawa nalo lifikie sentimita 90 kwa 17. Hiyo ni desimita 15 za mraba, na gramu 430 zinagawanyika hadi 28 kwa desimita. Ndege ya hivyo inaelea kwa mwendo wa mtu anayeendesha baiskeli kwa haraka.

Jambo ambalo wageni hulisahau: Babe Bee haina kaba. Ukishaiwasha inakimbia kwa nguvu zote mpaka tangi likauke, dakika tatu hivi, halafu kimya. Kwa hiyo chagua ndege yenye bawa juu ya bodi, ncha zimeinuliwa, inayoongozwa kwa elevata (kibao cha mkia kinachoinua na kushusha pua) na usukani wa mkia tu. Ukiachia rimoti inajinyoosha yenyewe. Eileroni, vile vibao vya bawani vya kuilaza ndege upande, ni sevo nyingine, uzito mwingine, na mikono yako bado haijazoea.

Injini hizi zina tabia nyingine ya kuchekesha: kwa jinsi vali yake ilivyo, inaweza kuwaka kinyume na kuzunguka nyuma mbele. Sauti ni ileile, ila ndege inavutwa kuelekea mkia. Kabla ya kurusha, weka mkono nyuma ya propela, mbali na ncha zake, usikie upepo unapoelekea. Na usiiwashe kwa kidole kitupu. Tumia kijiti kilichovikwa kipande cha mpira wa bomba. Kovu langu lipo kwenye kidole cha shahada.

Mafuta ni methanoli, mafuta ya nyonyo na nitromethani kidogo. Nyonyo isipungue asilimia 20, maana injini hii ya kizamani haisamehe ukavu. Methanoli ni sumu na mwali wake mchana hauonekani, kwa hiyo iweke mbali na watoto na sigara, wala usiibebe kwenye basi. Ukiniuliza kama mota ya umeme si rahisi zaidi, ni rahisi, sitakudanganya. Ila haina ule mlio wa nyuki aliyekasirika.

Kabla ya kurusha uliza pia taratibu za mamlaka ya usafiri wa anga, na kaa mbali na Kisongo. Pale ndege za kweli zinatua.

Sasa nina bawa la foamu la sentimita 92, bodi ya fimbo moja ya balsa, ule mti mwepesi, sura ya panzi. Haina rubani. Jumapili iliyopita injini ilinyamaza ikiwa juu ya miti, ikaelea zaidi ya dakika mbili, ikatua karibu na viatu vyangu.