Kurudisha pikapu ya Land Rover 109 kwenye sura ya kiwandani: usianze na rangi

Ndugu, nimesoma swali lako kuhusu pikapu ya Land Rover 109 (namba hiyo ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), Series III, yaani toleo la tatu, uliyoachiwa na marehemu baba yako mdogo huko Kigamboni. Umeeleza kwamba imepakwa rangi ya fedha inayometameta, imefungwa ringi pana za kisasa na kupigwa mabati ya cheka pleti, yale yenye vinundu, juu ya madigadi, na kwamba fundi amekushauri aipige pati (dawa nzito ya kujazia mabonde) bodi nzima, aisawazishe, kisha aimalizie kwa kliya (tabaka la juu lisilo na rangi, la kung'arisha) ili "irudi mpya". Unataka kujua kama ushauri huo unafaa, utaitambuaje rangi yake ya mwanzo, na kama injini ya Kijapani iliyomo inaharibu uhalisi wake. Nimewahi kurudisha gari la aina hiyohiyo hapa Dar es Salaam, sehemu ya kazi ikifanyika kwenye gereji za Gerezani na sehemu uani nyumbani, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyashika kwa mikono yangu.

Fundi wako huenda ni hodari, ila ushauri wake unafaa gari jingine. Series III, zilizotengenezwa Solihull, Uingereza, kati ya mwaka 1971 na 1985, hazikutoka kiwandani zikiwa zimenyooka kwa kiwango anachotaka yeye kuzinyoosha. Paneli za bodi ni za aloi ya aluminiamu iitwayo Birmabright, zimeshikwa kwa ribiti na kwa nukta za kuchomelea, na kila nukta imeacha kishimo kidogo kinachoonekana ukitazama ubavu wa bodi ya nyuma jua likiwa limelala. Nafasi kati ya mlango na bodi haikuwa sawa juu na chini hata gari likiwa jipya. Ukivijaza vishimo hivyo kwa pati, utapata gari zuri la kupigia picha harusini, lakini mtu anayezifahamu 109 atajua tokea ng'ambo ya barabara kwamba sura yake si ya kiwandani. Pati iwekwe pale tu ambapo bonde halikuweza kurudishwa kwa nyundo, na hata hapo iwe utando mwembamba.

Kabla ya kufungua bolti ya kwanza, piga picha kila kona, kisha ulichunguze gari lenyewe, kwa sababu ndilo shahidi wako mkuu. Chukua sumaku ndogo uipitishe kwenye milango, madigadi na bodi ya nyuma. Aluminiamu haishiki sumaku, kwa hiyo popote itakaponata kwenye paneli ambayo asili yake ni aluminiamu, ujue kuna bati la chuma lililowekwa baadaye. Sumaku haitakusaidia kuitafuta pati kwenye aluminiamu. Hapo gonga kwa kifundo cha kidole, maana paneli tupu hulia, na yenye pati nene hutoa mlio uliokufa.

Rangi ya mwanzo itafute mahali ambapo bunduki ya rangi haikufika: chini ya boksi la siti, nyuma ya dashibodi, ndani ya mlango, chini ya cheka pleti hizo unazotaka kuziondoa. Kisha chagua sehemu moja bapa, ukasugue kwa msasa laini wenye maji kwa kuzungusha polepole, hadi tabaka za rangi zifunuke moja nje ya nyingine kama duara za mti uliokatwa. Ya ndani kabisa, iliyo juu ya praima (rangi ya msingi), ndiyo unayoitafuta. Rangi zilizokuwa za kawaida kwa Series III ni kama Limestone (krimu hafifu), Marine Blue (buluu), Bronze Green, Pastel Green na Sand, na zote ni rangi tulivu zisizo na vimetameta. Juu yake hapakuwa na kliya. Nilipofunua mlango wa kushoto wa gari langu, chini ya rangi mbili za baadaye zilitokea herufi nyeupe zilizochorwa kwa brashi, mabaki ya jina la idara iliyowahi kulimiliki. Nilisita sana kuzisugua, kwa maana maisha ya gari nayo ni sehemu ya ukweli wake, lakini lengo langu lilikuwa sura ya kiwandani, kwa hiyo nilizipiga picha, nikazipima na kuziandika kwenye daftari, kisha nikaendelea.

Namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma kinachoshika springi ya mbele, upande wa kulia. Futa matope na grisi kwa brashi uisome taratibu, kisha uilinganishe na kibao cha kiwanda na kadi ya gari. Tarakimu tatu za mwanzo hueleza aina ya gari na soko lililokusudiwa, ilhali magari ya miaka ya mwisho yana namba ndefu yenye jumla ya herufi na tarakimu 17. British Motor Museum iliyoko Gaydon, Uingereza, huhifadhi kumbukumbu za uzalishaji na hutoa cheti kwa malipo. Ila kuna jambo moja ambalo wengi hulisahau: baadhi ya Land Rover zilisafirishwa vipandevipande na kuunganishwa nje ya Uingereza, kwa mfano Thika, Kenya, na kwa magari ya namna hiyo rangi huenda ilipigwa huko huko yalikounganishiwa. Ikiwa cheti hakitaji rangi, usikate tamaa. Rejea kwenye ile duara ya msasa.

Sasa nije kwenye kutu, ambako ndiko fedha yako itakakokwenda. Land Rover ya kwanza ilitoka mwaka 1948, wakati chuma kikiwa cha mgawo Uingereza baada ya vita, na ndiyo sababu bodi ikafanywa ya aluminiamu, huku chesisi, fremu za milango na ukuta unaotenga injini na kebini vikibaki vya chuma. Ndoa hiyo ya metali mbili ina gharama yake, hasa kwa gari lililolala Kigamboni miaka mingi likipepewa na upepo wa bahari. Aluminiamu na chuma vikigusana penye unyevu wa chumvi, aluminiamu ndiyo huliwa. Utaona unga mweupe kuzunguka bolti na rangi ikiwa imevimba kando yake. Kusugua unga huo na kupaka rangi juu yake ni kupoteza muda. Paneli ifunguliwe, isafishwe, pande zote mbili zipigwe praima, na wakati wa kufunga pawekwe utepe au washa ya plastiki kati ya metali hizo mbili, pamoja na bolti zilizopakwa zinki.

Chesisi ni boksi lililofungwa, na huoza kuanzia ndani. Igonge kwa nyundo ndogo mwanzo hadi mwisho, hasa boriti ya nyuma kabisa na mikono inayobeba bodi, ukisikiliza pale mlio unapobadilika. Palipooza pakatwe hadi kwenye chuma kizima kabla ya kuchomelea kipande kipya. Usikubali bati lichomelewe juu ya kutu, jambo ambalo hufanyika sana kwa sababu kazi huonekana imekwisha siku hiyohiyo. Betri na tangi la mafuta vitoke kabla mashine ya kuchomelea haijawashwa.

Kuna tabia mbili za gereji zetu ambazo unapaswa kuzizuia mapema, tena kwa adabu, kwa sababu mafundi wamezizoea kwenye magari ya bati. Ya kwanza ni kutoa rangi kwa kostiki soda: kwenye chuma inafaa, lakini aluminiamu huliwa nayo na kutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kushika moto. Ya pili ni brashi ya waya wa chuma, ambayo huacha chembe za chuma ndani ya aluminiamu, na chembe hizo huota kutu chini ya rangi mpya. Tumia dawa ya kutolea rangi isiyodhuru aluminiamu, msasa na subira.

Kunyoosha kwenyewe kulinifurahisha kuliko kazi nyingine yoyote. Aluminiamu iliyogongwa mara nyingi hukakamaa na kisha hupasuka, kwa hiyo ni lazima ilegezwe kwa moto, lakini tofauti na chuma haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka, na anayeiotea hutoboa paneli. Mzee mmoja wa bodi pale Gerezani alichukua kipande cha sabuni ya mche, akakipaka kikiwa kikavu kwenye bonde la digadi, akapitisha moto wa gesi kwa mbali huku akiusogezasogeza. Sabuni ikawa kahawia, kisha ikaiva hadi kuwa nyeusi, naye akaondoa moto papo hapo. Bati lilipopoa alilisukuma kwa gogo la mbao kwa nyuma na kulipiga kwa nyundo nyepesi kwa mbele, nalo likarudi bila ubishi. Nilimuuliza kwa nini asitumie nyundo nzito amalize haraka. Akanijibu, "Mwanangu, ukiivuta ikapanuka, utaipeleka wapi hiyo ziada?"

Vipande vinavyofunika kingo za bodi ya nyuma, pamoja na bampa ya mbele, vilichovywa kwenye zinki, na havikupakwa rangi ya bodi. Watu wengi huvipaka rangi ya gari lote, au huvipaka rangi ya fedha ili vionekane safi. Vyote viwili si sawa. Kama zinki yake bado ipo, vioshe uviache na ukijivu wake. Kama imekwisha, tafuta kiwanda kinachochovya vyuma kwenye zinki iliyoyeyuka. Mng'ao mpya wa zinki hufifia wenyewe baada ya muda.

Kwa upande wa rangi, aluminiamu iliyosuguliwa huanza kujifunika utando wa oksaidi mara moja, kwa hiyo praima ipigwe siku hiyohiyo, nayo iwe ya kung'ata aluminiamu au ya epoksi. Praima ya kawaida ya bati itakuja kubanduka kwa maganda makubwa. Juu yake piga rangi ya kuchanganya na hadena (dawa ya kuigandisha rangi), bila kliya. Ukiweza, ipigwe kati ya Juni na Septemba, kwani wakati wa masika unyevu huingia kwenye kompresa na kuiacha rangi na ukungu. Kompresa iwe na chujio la maji, sakafu imwagiwe maji kidogo kuzuia vumbi, na fundi avae barakoa yenye chujio la kemikali, kwa sababu moshi wa hadena huumiza mapafu kweli kweli na kitambaa cha kujifunga puani hakizuii chochote.

Mengine hayana ugumu mkubwa. Ringi ni za chuma za inchi 16, za rangi ya Limestone, na tairi la kawaida la 109 ni 7.50-16. Grili ni ya plastiki nyeusi. Ukiuziwa ya wavu wa chuma, hiyo ni ya Series II au IIA hata kama muuzaji ataapa. Siti za mbele ni tatu, nyeusi, na saa za dashibodi ziko mbele ya dereva, si katikati kama kwa matoleo yaliyotangulia. Spea za kuigiza zipo nyingi, lakini usiharakishe kuzikataa za zamani zilizochakaa: bawaba ya zamani iliyosafishwa mara nyingi ni nene kuliko mpya ya bei rahisi.

Kuhusu injini, ya asili kwa gari lako huenda ni ile ya lita 2.25, ya petroli au ya dizeli, ambayo krenki yake ilishikwa na beringi tatu hadi mwaka 1980 na tano baada ya hapo. Wewe umeulizia sura, na boneti ikifungwa injini haionekani. Kwa hiyo angalia kwanza waliifungaje ya Kijapani. Ikiwa waliongeza tu vishikizo na hawakukata chesisi, ukuta wa kebini wala fremu ya rejeta, iache ifanye kazi huku ukitafuta ya asili bila pupa. Kama walikata, vipande hivyo vitengenezwe sasa, bodi ikiwa imeshushwa, kwa maana baada ya rangi hutakubali tena moto wa kuchomelea ukaribie hapo.

Jambo la mwisho ni kadi. Kama imeandikwa rangi ya fedha na wewe unarudisha Marine Blue, au ukibadilisha injini, taarifa hizo zinapaswa kurekebishwa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato. Beba namba ya chesisi uliyoisoma mwenyewe kwenye chuma, na kama hailingani na iliyo kwenye kadi, limalize hilo kabla hujanunua hata kopo moja la rangi.