Mchumi anayetaka kubobea katika sera ya elimu ya juu: jibu la aliyepitia njia hiyo

Umeuliza kama mchumi anayekamilisha shahada ya uzamivu atajiharibia akichagua sera ya elimu ya juu kuwa eneo lake la utafiti, na kama ufundishaji utammalizia muda. Nimeifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Hutajiharibia, ila usitarajie kueleweka mapema, kwa maana wachumi wenzako watakuona mtu wa elimu, na watu wa elimu watakuona mtu wa hesabu. Nilipoomba kupandishwa cheo mara ya kwanza, ripoti ya ada za vyuo niliyoiandikia serikali kwa karibu miaka miwili haikuhesabiwa kitu, kwani kamati ilitazama makala za majarida peke yake. Kabla hujathibitishwa kazini, basi, chapisha kwanza. Ushauri wa kisera utakungoja.

Kuhusu ufundishaji, wengi watakushauri ulikwepe darasa la mwaka wa kwanza, nami sikubaliani nao, kwa sababu darasa hilo ndilo lililonipa swali langu kubwa la utafiti. Siku moja nilikuwa nikieleza nadharia ya mtaji wa watu, ambayo mchumi Gary Becker aliiandikia kitabu mwaka 1964 na ambayo huyachukulia masomo kuwa uwekezaji, nikiilinganisha na hoja ya mchumi Michael Spence ya mwaka 1973 kwamba cheti huweza kuwa ishara tu, inayomwonyesha mwajiri uwezo ambao mtu alikuwa nao tangu awali. Nikaandika ubaoni wastani wa faida ya shahada. Mwanafunzi mmoja akauliza: aliyekopa kisha akaishia njiani yumo katika wastani huo? Hakuwemo. Nilikuwa nimewalinganisha wahitimu na wasioingia chuoni kabisa, nikamsahau anayebaki na deni bila shahada. (Nilikuwa nimelifundisha somo hilo miaka minne bila kuliona pengo hilo.)

Ndipo nilipoanza kuchunguza mikopo inayorejeshwa kulingana na kipato, kama mfumo ulioanzishwa Australia mwaka 1989, ambao mchumi Bruce Chapman alishiriki kuubuni. Mdaiwa hukatwa kupitia kodi pale tu mapato yake yanapovuka kiwango kilichowekwa, hivyo kwa aliyeishia njiani mkopo huo unamkinga kama bima. Lakini mfumo huo hutegemea mamlaka ya kodi inayoyaona mapato ya watu wengi. Pale ambapo ajira nyingi hazimo katika kumbukumbu rasmi, kuunakili ni kujidanganya, na washauri wengi hulipita jambo hili haraka mno.

Makala zangu zilizosomwa zaidi zilitokana na swali lile. Ukiamua kuingia, jifunze ekonometriki, yaani mbinu za takwimu za kupimia mambo ya uchumi, vizuri kuliko unavyodhani utaihitaji, na omba kibali cha kutumia kumbukumbu za wanafunzi tangu mwaka wa kwanza wa ajira, kwa sababu mimi nilikisubiri kwa miezi kumi na minne.