Usiku mmoja Lubumbashi kabla ya treni

Kijana mmoja wa Kitwe, Zambia, ameniandikia: "Yaya, nitavukia mpaka wa Kongo pale Kasumbalesa, nifike Lubumbashi, kisha nipande treni mpaka Kananga. Feza ni kidogo. Nilale kwa baba mdogo ao nitafute chumba?"

Chumba, mdogo wangu. Na baba mdogo usimpigie simu mpaka treni ipite Likasi.

Najua nitaitwa mchoyo. Lakini mimi nimelala kwa ndugu kule Katuba, mtaa wa Lubumbashi, nikala bukari (ugali) na sombe (kisamvu), nikashukuru sana. Kulipokucha nikakuta mlangoni gunia la unga la shemeji wa Kamina, redio ya mtu wa Mwene-Ditu, na mtoto wa jirani anayekwenda kwa bibi yake: "Mwangalie tu, hasumbui." Alisumbua. Nauli ya ile mizigo ilitoka mfukoni mwangu, na Kamina shemeji akapima unga mbele yangu, akinitazama kama panya aliyekutwa stoo. Miaka imepita, bado inaniuma. Siku hizi nalala mtaa wa Kenya, humo humo Lubumbashi, chumba cha kitanda na ndoo ya maji, na mzigo ninaopanda nao ni wangu.

Vijana mnapenda safari, lakini kumkatalia mkubwa hamwezi. Jifunzeni. Heshima si kubeba gunia la mtu.

Chumba kilipie usiku kwa usiku, maana treni ya masafa marefu hapa haiondoki kwa saa ya ukutani. Siku ya kuondoka kaulize mwenyewe gari, yaani stesheni, kwenye dirisha la tikiti. Wale wanaokufuata nje na habari tamu wapite.

Kuzunguka mjini achana nako. Dohani la Gécamines, kampuni ya migodi, utaliona hata ukiwa umepanda pikipiki. Asubuhi nenda soko la Kenya: makayabu (samaki wa chumvi), mikate, sukari, dumu la maji. Chumvi na sabuni nunua kupita mahitaji yako. Reli hii inakwenda zaidi ya kilomita 1,500 hadi Ilebo, ilikofika mwaka 1928, na kwenye vituo vya katikati akina mama huja madirishani na mihogo, ndizi, hata kuku. Huko chumvi ya mjini inatafutwa. Sehemu ya nauli yangu ilirudi hivyo, na sioni haya kusema. Wenzangu waliocheka sabuni zangu pale Lubumbashi, mbele ya safari walikuja kuniomba kipande.

Ukisafiri Juni ao Julai, blanketi. Lubumbashi iko juu, usiku wake unatafuna mifupa, na dirisha la behewa huenda halifungi.

Halafu kagua dola zako kabla ya kuvuka mpaka. Noti iliyochanika hata kidogo pembeni hakuna atakayeipokea, ingawa falanga za Kongo zilizochakaa mpaka hazisomeki zinapita bila neno. Badilisha kiasi mjini, uombe noti ndogo ndogo. Muuza ndizi wa kituoni hana chenji, na treni ikipiga honi hutakuwa na muda wa kumsubiri.