Mkoba mmoja au miwili?

SWALI: Nauza mikoba Kariakoo. Mteja wa Zambia aliniandikia kwamba anataka "a black and a white bag". Nikamfungia mkoba mmoja wenye rangi zote mbili, naye akalalamika kuwa mzigo wake umepungua. Nimekosea wapi?
Msomaji, Kariakoo, Dar es Salaam

JIBU: Umeiruka "a" ya pili, na ndiyo iliyobeba mkoba wa pili. "A black and white bag" ni mkoba mmoja wa rangi mbili. "A black and a white bag" ni mikoba miwili, mmoja mweusi, mwingine mweupe. Kinachowaponza wengi ni kwamba "bag" haina "s". Haina kwa sababu baada ya "black" kuna "bag" nyingine iliyomezwa. Irudishe kichwani, "a black bag and a white bag", hesabu itakaa sawa.

Kitenzi nacho hufuata hesabu hiyo: "The black and white bag is ready", lakini "The black and the white bag are ready".

Wingi ndio wenye mtego. "The black and white bags" inaweza kuwa mikoba ambayo kila mmoja una rangi mbili, au mchanganyiko wa myeusi na myeupe. Kwenye oda usiiandike kabisa. Andika "six black bags and six white ones". Kama kila mkoba una rangi zote mbili, vistari vitakusaidia: "black-and-white bags".

Sifa zisizoweza kukaa pamoja hazina shida hiyo. Bei haiwi ya zamani na mpya kwa wakati mmoja, kwa hiyo "the old and new prices" inatosha kwa "the" moja, mradi nomino iwe ya wingi. Ukirudia "the", nomino inaweza kubaki umoja: "the old and the new price".

Kuhusu "an", tazama sauti ya neno linalofuata papo hapo, si nomino: "an old and a new bag".

Mteja wako aliandika sawasawa, ila kwa biashara angefanya vizuri kuandika "one black bag and one white bag". Siku nyingine, kabla ya kufunga mzigo, muulize: "One bag in both colours, or two bags?"