Pasaka kwa watoto wa chekechea: jiwe, kifuu na mbio za Petro

Kwaresima ikikaribia ukingoni, walimu wa shule ya Jumapili huanza kuniandikia. Haya ni baadhi ya maswali yao.

Nafundisha watoto wa miaka 3 hadi 5. Mwaka jana mmoja alilia nilipofika kwenye misumari. Niiruke habari ya msalaba?

Usiiruke, ifupishe. "Yesu alikufa msalabani. Rafiki zake walilia sana. Wakamweka kaburini." Inatosha. Misumari, miiba na mijeledi vingoje wakue. Neno la kuepuka ni "alilala". Sisi watu wazima tumezoea kusema marehemu amelala, lakini mtoto wa miaka minne hulichukua kama lilivyo, na usiku akagoma kufumba macho. Tena usiwarudishe nyumbani kaburi likiwa bado limefungwa: Ijumaa na Jumapili zisimulie kwa mkao mmoja. Wengi wao wameshazika kifaranga nyuma ya nyumba na kukiwekea maua. Kifo wanakijua, habari ya jiwe kuondoka ndiyo hawajaisikia.

Hatuna bajeti ya vifaa, na watoto ni 40.

Nusu ya kifuu cha nazi, ukiilaza ubavu juu ya udongo, ni pango tosha. Nazi zikiwa ghali huko uliko, finyangeni pango kwa udongo wa kichuguu, au kwa donge la vikombe viwili vya unga wa ngano na kimoja cha chumvi, ukiongeza maji kidogo kidogo hadi lishikane. Ndani weka kitambaa cheupe. Mdomoni weka jiwe, nalo liwe kubwa kuliko ngumi ya mtoto, maana kidogo chochote huishia kinywani, na maharage huishia puani.

Gawa vikundi vya wanane, kila kimoja na pango lake. Mwalimu akicheza peke yake mbele huku watoto wamekunja mikono, hayo ni mahubiri tu yenye vifaa.

Marko anasema wanawake waliulizana njiani nani atawavingirishia jiwe. Wape watoto swali hilo waliimbe wakizunguka pango, na mmoja abebe manukato: karafuu na iliki zilizofungwa kwenye kitambaa, wapokezane kunusa. Kisha mmoja asukume jiwe, aingize mkono, apapase. Atatoka na kitambaa kitupu. Hapo nyamaza, hata ukisikia ulimi unawasha. Mtoto atasema mwenyewe, "Hayupo!", na malaika naye alisema hivyo hivyo.

Tukiigiza, wote wanataka kuwa Yesu.

Basi asiwepo wa kuwa Yesu. Pale kaburini kuna kazi nyingine tamu zaidi. Mathayo anasema walinzi walitetemeka wakawa kama wafu. Waambie watoto hivyo uone watakavyoanguka chini kwa furaha, tena na tena. Wasiotulia wape Yohana 20: Petro na mwanafunzi mwingine walikimbia kwenda kaburini, na yule mwingine akamshinda Petro kwa mbio. Chora mstari uani, wakimbie. Malaika avae shuka nyeupe, asipige kelele.

Baadhi ya wazee wa kanisa wanasema mayai ya rangi ni upagani.

Waorthodoksi huyapaka rangi nyekundu kukumbuka damu ya Kristo, na hakuna anayewaita wapagani. Ila katika Injili zote nne yai la Pasaka halimo, na trei ya mayai ina bei yake. Kama yanaleta ugomvi, yaache. Watoto hawatapungukiwa na kitu.

Wazazi wanataka mtoto arudi na kitu mkononi, au angalau na mstari wa kukariri. Nitajuaje kama wameelewa?

Mstari mfupi haudhuru: "Hayupo hapa, amefufuka." Lakini kaburi la karatasi ambalo mwalimu amelikata na kuligundisha mwenyewe linampima mwalimu. Utajua kwa kuchungulia. Acha mapango na mawe kwenye kona ya darasa, Jumapili inayofuata kaa pembeni usikilize wanavyocheza. Mmoja atamzika mbuzi wa udongo, afungue jiwe, amtoe akikimbia. Usimsahihishe. Muulize tu, "Nini kimetokea?", umwache asimulie. Majira ya Pasaka ni siku 50, kwa hiyo vifuu visitupwe kabla ya Pentekoste.