Beitikasta kwenye fimbo ya kuvulia ya rili ya kuning'inia: nibadilishe nini?

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Luchelele, Mwanza. Nina fimbo ya kuvulia samaki ya futi 7 ya vipande viwili, ile ya rili (mashine ya kukunjia mshipi) ya kuning'inia chini. Kaka yangu ameniletea beitikasta, rili ya kukaa juu. Rafiki yangu akaniambia nigeuze fimbo tu, pete za kupitishia mshipi zitazame juu. Nikafanya hivyo, lakini sangara akikaza, mshipi unasugua fimbo na kipande cha juu kinajizungusha. Nifanyeje bila kuiharibu?

JIBU: Marahaba. Fimbo yako haina ubovu wowote, pete ndizo zimekaa mahali pasipofaa. Fimbo inapopinda, mshipi hutafuta njia fupi kutoka pete moja hadi nyingine. Pete zikiwa chini, njia hiyo hupita hewani, mbali na fimbo. Zikiwa juu, njia hiyohiyo hukata kuelekea kwenye fimbo, na pete zikiwa chache lazima mshipi uguse. Zaidi ya hapo, samaki anavuta chini, kwa hiyo pete za juu nazo zinataka kushuka chini. Kadiri pete ilivyo ndefu, ndivyo wenzo wake unavyokuwa na nguvu ya kuipindua fimbo. Kwenye fimbo ya vipande viwili, panapolegea kwanza ni kwenye kiungio.

Na pete zako ni ndefu kwa sababu yake. Kwenye rili ya kuning'inia mshipi hutoka kwa mizunguko mipana, ndiyo maana pete ya kwanza ni kubwa na imeinuka, ili iikusanye. Beitikasta huzungusha spuli yenyewe, ile inayokunjiwa mshipi, na mshipi hutoka umenyooka. Haihitaji pete kubwa hata kidogo.

Wapo mafundi watakaokushauri uzibandue pete zote na kufunga nane au tisa ndogo juu, kama fimbo za dukani. Inafanya kazi, ila bado fimbo itataka kujipindua. Kwa sangara mimi huzungusha pete: ya kwanza inakaa juu, zinazofuata zinashuka ubavuni kidogo kidogo, zilizobaki zote zinakaa chini. Wewe una bahati ya kuwa na fimbo ya vipande viwili. Kipande cha juu usikiguse kwa wembe. Kigeuze nusu mzunguko kwenye kiungio, pete zake zote na ya nchani zirudi chini. Kazi yote inabaki kwenye kipande cha mkono.

Hapo bandua pete zilizopo, na kuwa mwangalifu kuliko mahali pengine popote. Wembe upite juu ya mguu wa chuma wa pete, sambamba na fimbo, usikate kamwe pale ambapo chini ya uzi unaoifunga pete hakuna chuma. Fimbo ya kaboni ikichanjwa, hata mchanjo usioonekana vizuri kwa macho, siku moja itakatikia hapohapo. Pasha gundi kwa draya ya saluni hadi ilainike, chomoa pete, kisha vuta uzi kwa kucha. Mabaki yafute kwa kitambaa chenye spiriti. Msasa weka mbali.

Sasa tafuta pete tatu ndogo fupi, za kipenyo cha milimita 8 hadi 12, kubwa itangulie. Fimbo iliyovunjika ya beitikasta inatosha kukupa zote. Pitisha soksi ya nailoni ndani ya kila pete. Ikinasa, pete ina ufa na itakula mshipi. Zishike kwanza kwa tepu ya karatasi, ile ya wapiga rangi magari: ya kwanza juu kabisa, kama sentimita 40 mbele ya rili, ya pili digrii 60 ubavuni, ya tatu digrii 120 karibu na kiungio. Kushoto au kulia ni hiari yako. Pitisha mshipi, ufunge kwenye mfuko wa mchanga wa kilo mbili hivi, inua taratibu. Tazama kutoka nyuma: mshipi ushuke kwa ulaini, usivunjike pembe kali kwenye pete yoyote wala kugusa fimbo. Sogeza pete mpaka uridhike, maana ukishapaka gundi hakuna kusogeza tena.

Kabla ya kufunga, noa ncha ya mguu wa pete kwa tupa mpaka iwe nyembamba, uzi upande bila kuacha pengo. Anza kuzungushia uzi kwenye fimbo tupu, panda kwenye mguu, kila mzunguko ukibana mwenzake. Ukibakiza mizunguko kama mitano, laza juu yake kitanzi cha uzi mwingine, maliza kuzungusha juu yake, ingiza ncha ya uzi kwenye kitanzi, kisha vuta kitanzi ili ncha irudi chini ya mizunguko. Hakuna fundo. Paka gundi ya epoksi safi, sehemu zake mbili uchanganye sawa kwa sawa; ile ya dakika tano iache, inaganda kabla hujaitandaza na baadaye huwa njano. Igeuze fimbo kila dakika chache mpaka gundi ikatae kutiririka, kisha iache hadi kesho yake.

Kiti cha rili hakina kijino cha kushikia kidole, lakini beitikasta hukaa humo vizuri ukikaza skrubu sawasawa. Kukibadilisha ni kukata mkono wote, na mimi singefanya hivyo mpaka nimevua nayo kwanza.

Jambo la mwisho: soma maandishi ya juu ya mkono. Kama fimbo imeandikiwa chambo kisichozidi gramu 20, itakufaa kwa sangara wadogo wa ufukweni, lakini samaki bandia wa gramu 60 usiwarushe nayo. Kubadilisha pete hakuongezi nguvu ya fimbo.